Kifungu cha Saba

Kikao kilifunguliwa saa nne na dakika ishirini.
Nikaandika saa nne kamili,
maana ndivyo barua ya mwaliko ilivyosema.
Akidi imetimia. Maji ya chupa yamegawiwa.
Nje upepo wa Bahi unakwangua bati
kama mtu anayesugua ukoko sufuriani.

Rasimu ya Sheria Ndogo za Usafi, kurasa kumi na nne.
Bwana Afya Malogo aliisoma kwa sauti ya msibani;
ni yeye aliyepulizia klorini majeneza ya Februari,
matatu, nyumba moja,
glovu hadi viwikoni.

Kifungu cha saba: Kila kaya itakuwa na choo bora.
Asiyekuwa nacho, faini shilingi elfu hamsini.
Mwanasheria akasema "itakuwa" halina meno,
tuandike "lazima iwe na".
Tukabishana juu ya meno
mpaka chai ikaja.

Ndipo akasimama Mama Sechelela Chidosa,
mwakilishi wa wananchi, kiti cha mwisho karibu na mlango.
Hakuwa na karatasi.
Alikuwa na bonge la udongo ndani ya mfuko wa sukari,
udongo mweusi wa mbugani.
Akalitua juu ya rasimu.

"Nimechimba mara tatu.
La kwanza lilididimia Januari, na mbuzi wa jirani.
La pili halikuiona Krismasi.
La tatu mume wangu alikuwa ndani yake;
tulimtoa na mbavu mbili zimevunjika.
Udongo huu kiangazi unapasuka, mkono unapita.
Masika unavimba, unasukuma kuta.
Haya, semeni: hiyo elfu hamsini
nitozwe mimi, au utozwe udongo?"

Mtu mmoja alicheka.
Akasikia kwamba yuko peke yake.

Mganga Mkuu alivua miwani,
akauliza bei ya pete moja ya zege.
Mweka hazina akaitaja,
kisha akataja kilichobaki kwenye fungu la afya.
Tarakimu mbili zikakaa mezani
zikikwepana macho kama mkwe na mkwewe.

Saa tisa alasiri kifungu kilisomeka hivi:
Kila kaya lazima iwe na choo bora
kwa kadiri ya udongo wake,
na Halmashauri itachangia pete za zege
katika vijiji vya mbugani.

Itachangia.
Nilisubiri mtu adai meno.
Mwanasheria alikuwa akitafuta funguo za gari.

Kwenye muhtasari nimeandika:
Wajumbe walijadili kwa kina na kuazimia.
Bonge Mama Sechelela aliondoka nalo,
akalifunga vizuri kama mtu aliyeazima.
Lakini ukurasa wa tisa umebaki na doa,
na nilipotoa nakala arobaini
mashine ikalitoa lote arobaini,
jeusi, la mviringo, pembeni ya kifungu,
mahali pa muhuri.