Ua Mara Ishirini na Tano

Gereji ya Vizma, mjini Cēsis, Februari.
Fremu aliipima kwa rula ya shule ya mwanawe.
Reli mbili alizing'oa kwenye printa mbovu,
mota tatu, kila moja na mlio wake wa kulalamika.

Programu ya kwanza ilidai ada ya kila mwezi.
"Mimi si mpangaji wako," akaifuta.
Ya pili ilipendeza kama sebule isiyokaliwa.
Ya tatu, ya bure, uso wa kijivu,
ilimuuliza swali moja tu: tupime kwa inchi?
Akabonyeza ndiyo kama anayefukuza inzi.

Alitaka ua dogo, la milimita,
kwenye kifuniko cha kinanda cha jirani.
Kisu kikashika safari yake,
kikavuka ubao, kikavuka alama za penseli,
kikaanza kuitafuna fremu iliyokibeba.

Akachomoa waya.
Vumbi la msonobari likatua taratibu kwenye chai.

Kisha akacheka, peke yake, hadi miwani ikaingia ukungu:
mashine ilikuwa imetii.

Petali moja, pana kama koleo la theluji,
ingali imechimbika mezani.
Hakuiziba.
Humo ndimo anamowekea skurubu.