Mshika Sauti Moja

Machi, mjini Gyumri, theluji bado imeziba madirisha.
Haykuhi alituita tupige, yeye achore.
Zumari ya kaka yangu Vardges hupanda, hulia, huomba radhi;
mimi hushika sauti moja tu, mashavu yametuna,
pumzi ikiingia puani nyingine ikitoka,
kama mtu aliyeshikilia mlango wenzake wapite.

Miaka thelathini ya harusi na matanga,
hakuna aliyewahi kuniuliza jina.

Hakuchora zumari, wala vidole, wala sisi.
Alitandaza nyekundu, akaizika chini ya hudhurungi,
tabaka juu ya tabaka,
akasugua kwa kitambaa, akapaka tena.
Tulipofika pale Vardges hufumba macho
akachukua kisu,
akakwaruza mstari mmoja, mwembamba, unaovuja.

Vardges akausogelea. “Huyu ni mimi.”
“Ni wewe.”
“Na mdogo wangu?”

Haykuhi akafuta kisu kwenye aproni.
“Iondoe hiyo hudhurungi,
tuone mstari wako utakaa wapi.”

Nikaigusa. Bado mbichi.
Chai ilishapoa, hakuna aliyeinywa.
Ukucha wangu una rangi hiyo hadi leo;
nanawa, lakini sisugui.