Yai Lenye Mwiba

Vikopo kumi na viwili vya mkojo vimeletwa na pikipiki
kutoka shule moja ya Jilore,
majina kwa kalamu nyekundu ya mwalimu.
Cha saba: Nyamawi Karisa, miaka kumi na mitatu.
Rangi yake, maji yaliyooshewa nyama.

Mwenyewe yuko benchi la nje, anatamba.
Ukikojoa damu, asema,
wakubwa hukwambia: sasa umekuwa mwanamume.
Wenzake wanacheka. Feni ya maabara yetu, hapa Malindi,
inazunguka ikilalamika kama mtu aliyenyimwa likizo.
Nazungusha mkojo, nachukua tone la chini,
nalilaza kwenye kioo, nainamisha jicho.

Lipo.
Yai refu, limechongoka,
mwiba mmoja mkiani.
Nahesabu: arobaini na moja. Naandika.

Ndipo simu inatetema mfukoni. Ramla,
mwanafunzi wangu wa Mambrui,
aliyenivunjia sanduku zima la vioo nikamnunia wiki nzima,
sasa yuko mji wa baridi, anasomea maiti wa Misri.

*Hatuwafungui sanda tena*, ameandika.
*Zamani walifunguliwa mbele ya wageni,
watu wakinywa na kupiga makofi.
Siku hizi mashine huwapitia kimya,
ikawakata kwa picha, vipande vyembamba kuliko chapati,
na uzi wa sanda haujaguswa.
Huyu wetu ana magego yaliyolika kama ya mzee,
kwa mchanga wa mkate wao,
lakini mifupa ya magoti haijaunga bado.
Kijana. Labda kumi na minne.
Jina hana. Ana nambari.*

Kisha: *Kuna kipande cha kibofu kilichobanduka zamani,
kidogo kuliko ukucha, kikavu kama ng'onda.
Tumekilowesha siku tatu kwa soda na spiriti.
Mwalimu, tazama.*

Natazama.
Yai refu, limechongoka,
mwiba mmoja mkiani.

Nimekaa. Kiti kimelia.
Walimtoa ini, wakamtoa mapafu,
ubongo wakauvuta puani kwa kulabu;
siku arobaini ndani ya magadi,
ubani, manemane, lami,
na maneno ya kinga juu ya kitani, mkunjo kwa mkunjo.
Yai hawakuliona.
Likasafiri naye miaka elfu tatu
bila kulipa nauli.

Sisi huku tuna haraka na wetu.
Afaye alfajiri, alasiri yuko chini:
maji, pamba, karafuumaiti, basi.
Ardhi ichukue chake.
Kwa hiyo nikamwandikia Ramla swali lililonikaa kooni:
Nani alimwomba ruhusa?

Akasoma. Hakujibu.
Nikapima vikopo vingine vitatu.
Kisha: *Hakuna. Ndiyo maana namsalimu kila asubuhi
kabla sijawasha taa.*

Nikamwita Nyamawi, nikamvutia kigoda, nikamwonyesha kioo.
Akafumba jicho lisilo lake kufumbwa, akalibadilisha,
akaliona. Akaacha kutamba.
Nikamwambia kuna mwenzake, wa mto mwingine mkubwa,
naye aliingia majini jua la utosi
walipo konokono,
naye pengine aliambiwa amekuwa mwanamume.

"Alipona?"

Kilo thelathini na saba na nusu. Vidonge viwili na nusu.
Kula kwanza, nikamwambia, ni vichungu;
nikampa mahamri yangu mawili ya saa nne.
Akala akinitazama, anangoja jibu.
Sikuwa nalo la kumpa mtoto anayetafuna.

Walipoondoka nikafungua tena daftari,
chini ya kikopo cha kumi na mbili nikaongeza mstari:

*Jina: halijulikani. Miaka: kumi na minne, kwa kukisia.
Atokako: Misri. Mayai: limeonekana moja.
Dawa:*

Hapo nikapaacha wazi.
Msimamizi akiuliza,
nitasema ni mgonjwa aliyechelewa kufika.