Chumba cha Mizani

Pipa limeshuka Jumatatu, pamoja na mvua.
Kilo ishirini na tano, mfuko ndani ya mfuko,
na kamba ya plastiki isiyokatwa kwa meno.
Griseofulvini: jina refu kama foleni ya Tazara kabla ya daraja.
Sisi tunauita Griso, kana kwamba ni jirani.

Hapa Vingunguti, mtaa wa pili kutoka machinjioni,
harufu ya ngozi mbichi inaishia mlangoni.
Ndani ni mimi, mizani, na feni inayonyonya vumbi
kwa sauti ya mtu aliyetaka kusema, akaahirisha.

Mizani yangu haina vina, Chausiku.
Mshairi akizidisha silabi, watu humcheka.
Mimi nikizidisha gramu hakuna anayecheka;
ini la mtu fulani Mpanda ndilo litakalojua,
na mwenye ini hatanijua.

Nimekufundisha kama Bi Semeni alivyonifundisha:
barakoa kabla ya kufungua, si baada.
Chota kama unavyochota uji wa mgonjwa,
kijiko chini, karibu na bakuli.
Unga huu ni mwepesi kuliko uvumi,
ukisharuka hauna wa kuurudisha.
Ukimwagika, ole wako nikuone na ufagio!
Kitambaa kibichi. Taratibu. Kutoka pembeni kuja kati.
Na maji ya kuoshea hayaendi mtaroni,
maana mtaro unaijua njia ya Msimbazi,
na Msimbazi umeshabebeshwa vya kutosha.

Yote uliitikia, "Ndiyo, dada."

Lakini jana nilipokupa karatasi ya tahadhari uisome kwa sauti,
ulisoma hadi mstari wa nne
ukatua kwenye wa sita.
Karatasi ile naijua kama Alhamdu.
Wa tano unasema: unaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni.

Nikakumbuka: wiki mbili husogelei samaki.
Saa nne unanyonya ndimu, ukitazama ukuta.
Ovaroli umeomba namba kubwa, ukasema ni joto.
Joto la Dar nimezaliwa nalo,
halijawahi kumnenepesha mtu kiunoni.

Mkataba wako ni wa miezi mitatu. Najua.
Najua kwa nini mtu huruka mstari.
Mimi mwaka ule sikuruka; karatasi yenyewe haikuwepo.
Tulifungua mapipa kwa kanga puani, tukicheka
jinsi nyusi zilivyogeuka mvi.
Daktari wa Amana alisema sababu huwa nyingi.
Nami sisemi ni unga.
Nasema sikujua,
na kutojua kuna uzito ambao mizani hii haiupimi.

Wala usiuchukie. Kule Tandale, kwa dada yangu,
kuna kitoto kiitwacho Shomari.
Kichwa chake kilikuwa ramani ya mapunye,
wenzake wakakikimbia kwenye kombolela.
Kikameza vidonge wiki baada ya wiki,
kila siku na andazi lenye mafuta.
Leo nywele zimerudi, kinadai pesa ya kinyozi
na kuchagua mtindo!
Unga ni huuhuu.
Suala ni nani, kiasi gani, na lini.

Basi asubuhi hii nimeandika ubaoni:
Chausiku, kupanga maboksi, stoo ya juu.
Bosi akiuliza, nitamwambia mkono wako hautulii.
Utakasirika. Kasirika.
Ngazi zile panda polepole.
Mstari wa tano utanisomea siku ukitaka,
na usipotaka, tumbo litausoma lenyewe.

Mimi nabaki na Griso.
Nakaza barakoa. Nasubiri sifuri itulie.
Kijiko chini.