Punje ya Mita Tatu

Kila siku, saa nne na nusu asubuhi,
kinapita juu ya Kidia chombo kisichozidi kreti la soda,
mabawa ya kioo yamekunjuliwa, ndani hakuna mtu.
Hakina bendera. Kina mwenyewe, na mwenyewe anauza picha.

Mnunuzi wa kahawa, huko ng'ambo, anazinunua.
Anataka kujua kama kikombe chake
kilikatiwa msitu. Swali halali.
Picha hiyohiyo, kwa bei nyingine,
inakwenda Arusha kwa watu wa bima ya mahindi,
na kwa wanaohesabu mapaa mapya ili wayatoze kodi.

Siku nyingi kinakuta wingu. Mlima wetu una haya,
hujifunika kabla chai haijapoa;
Aprili nzima ramani yangu ilikuwa pamba tupu.

Ila Julai mbingu ilifunguka,
na barua ikaja ofisini Moshi, juu ya duka la mbegu:
*Shamba namba 0417. Miti imepungua.
Punje nne za kijani sasa ni kahawia. Toeni maelezo.*

Punje moja ni mita tatu kwa mita tatu.
Nikawasha pikipiki.

Kihamba cha Mama Ndeanasia Njau
ukikitazama kutoka juu ni msitu:
mruka, mringaringa, mgomba umeegemea mgomba.
Sharti uiname ndipo uione kahawa,
chini ya kahawa magimbi,
kando ya magimbi mfereji, zamu yao Alhamisi.
Chombo hakijui kuinama.

Aliisoma barua kwa miwani ya marehemu.
"Wameona pengo," akasema. "Wameona sawasawa.
Hapo palisimama mringaringa. Aminiel aliupanda
mwaka tuliooana, akasema, huu ni wangu.
Fundi Macha alipasua mbao kumi na moja.
Kumi zikatosha.
Wa kumi na moja ndio huo unaoukalia."

Nikainuka. Akacheka, akanirudisha kwa mkono.

Kando ya kisiki, kaburi la vigae vyeupe.
Nikavuta futikamba: mita mbili na robo.
Halijazi punje. Kwenye picha
marehemu amechangia rangi na migomba.

"Na mimi, kinaniona?"
"Hapana, mama. Labda ukitandaza turubai la kuanikia."
"Na malipo ya pili ya msimu wa juzi,
ambayo chama hakijaleta, hayo kinayaona?"
Nikakohoa.

Fomu ya kwenye simu ina vijisanduku vya sababu:
Moto. Ujenzi. Upanuzi wa shamba. Ugonjwa wa miti.
Nikavipita vyote hadi cha mwisho, Nyingineyo,
kinachoruhusu alama arobaini, nafasi zikihesabiwa.
Nikaandika, nikafuta, nikaandika:
*Mti umekatwa. Mume amezikwa nao humu.*
Zikabaki tatu. Sikuwa na la kuzijazia.

Akanisindikiza hadi kwenye mche,
bado umo ndani ya kiriba, majani saba,
mawili yametobolewa na wadudu.
"Huyo wa juu mwambie asifunge hesabu," akasema,
akaumwagia maji ya kuoshea vikombe.

Kesho yake, saa nne na nusu, nilikuwa mezani.
Picha ya 0417 ikashuka, mstari kwa mstari.
Wingu.