Mara ya Pili, Polepole

Siku mbili sikugusa ming'oko.
Mwanangu Namtuli aliificha uvunguni
nami nikaisikia ikinukia usiku kucha.
Dawa ile, lita nne, chumvi na limau la uongo,
na maji yenyewe huku Newala tunayanunua kwa ndoo:
nikanywa, nikayapeleka yote chooni
mpaka yakatoka maangavu
kama mvua ya pili inayoshuka batini.

Mara ya kwanza niliona haya,
nikamwagia mgomba nusu ya dawa.
Na daktari wa siku ile alikuwa na basi la kuwahi.
Akaingia, akatoka. "Safi," akasema.

Safi gani?
Nimechambua korosho miaka kumi na tisa,
nayajua macho ya mtu anayetaka kwenda kwake.
Ukikimbiza mkono, mbovu inapita katikati ya nzima,
wala haijafichwa na mtu.

Leo nimelala ubavu wa kushoto, Mtwara mjini,
kioo wamenigeuzia.
Jamani, ndani yangu kumbe ni kwekundu
kama bibo lililoiva likapasuka!
Daktari Nachinguru anasema kuingia ni safari tu,
kazi iko kwenye kurudi.
Anarudi. Kila kunjo analifunua
kama mtu anayetafuta sarafu kwenye pindo la kanga.
Sista Mkulewa ameshika saa, macho yake kiooni.
"Dakika ya tano," anasema.
Halafu: "Hapo. Rudi kidogo."

Wakanyunyiza rangi ya buluu.
Ikatulia mabondeni, ikaacha kisiwa:
kinyama bapa, kama punje ya mtama,
rangi yake ileile ya ukuta wake.
Mimi sikukiona.
Miaka kumi na tisa ya korosho, sikukiona.

"Si saratani," daktari akasema. "Kilikuwa njiani."
Kitanzi cha waya kikakaza. Sikusikia chochote.

Nikamkumbuka kaka yangu Chilumba,
aliyeambiwa ni bawasiri
akaambiwa tena ni bawasiri,
mpaka mkanda wake ukahitaji tundu jipya
tukalitoboa kwa msumari wa moto.

Nikauliza: "Mara ya kwanza, kilikuwepo?"
Daktari akavua glovu, moja, kisha nyingine.
Sista akaandika kwenye daftari, akinisomea taratibu:
kurudi, dakika kumi na moja.