Kitasa cha Zahrani

Bi Zuwena aliingia saa nne usiku,
joto la Ruwi bado limelala vizingitini,
akaiweka simu ya marehemu juu ya kioo cha kaunta
kama aliyeleta jino la mtoto.

"Mpwa wangu kasema kuna mlango wa chini,
butiloda, ukifunguliwa huo
hata kufuli la mwenyewe halina la kusema.
Mimi nataka sauti zake tu.
Zimo humo, mia na kitu.
Nyingine ananigombeza."

Nikazima feni.
Mlango huo upo, nikamwambia,
na kuufungua najua.
Lakini aliyeujenga alimfikiria mwizi:
ukivunja komeo, nyumba inajiunguza yenyewe,
picha, majina, sauti, vyote majivu,
ndipo inakukaribisha ndani, chumba kitupu
kinachonuka rangi mpya.

"Kwani mimi mwizi?"

Haijui, Bi Zuwena.
Inajua vidole vya mtu mmoja,
na vidole hivyo viko makaburini Amerati.

Nikamwonyesha yangu. Niliifungua nina miaka ishirini,
nikaivika mfumo uliopikwa na mtu nisiyemjua,
jina lake la kubandika, mji wake hautajwi.
Ikawa nyepesi, inaruka kama mbuzi wa Jabal Akhdar.
Nililala nayo mto mmoja miezi sita
kabla sijajua kwamba namba za siri za benki
tulikuwa tunazisoma wawili.
Mfumo ule niliung'oa, nikaweka mwingine, mlango ukabaki wazi.
Mpaka leo kila nikiiwasha
inaniandikia kwa rangi ya machungwa:
kifaa hiki hakiaminiki.
Nami nasoma, naitikia, naam.

Akaivuta simu karibu na kifua.
"Lakini ikipigwa, itaita?"
Itaita, maadamu laini inalipiwa.
"Nailipia. Rial tatu kila mwezi."
Sasa alinong'ona, kama anaona haya:
"Naipigia adhuhuri, nikiwa jikoni.
Iko chumbani kwake. Naisikia inaita, inaita,
najisemea yumo, ni ukaidi tu."

Nikabadilisha tundu la chaji, lilijaa mchanga.
Nilikataa pesa; akaziacha chini ya bisibisi.

Mlangoni aligeuka.
"Na wewe hiyo yako, ifunge."

Ikifungwa vibaya inakufa, Bi Zuwena.

"Yangu imefungwa vizuri," alisema,
"na mwenyewe kafa."